HOMA ITOKAYO KATIKA FIGO: Maradhi ya Mkojo kwa Mama Mwenye Mimba

(Hotuba kwa akina mama na waume zao)



Mama mwenye mimba ya miezi sita huamka usiku akitetemeka kwa baridi. Mumewe humfunika blanketi mbili, na hata hivyo meno yake yagongana. Kabla ya alfajiri baridi huisha, mwili wake huwaka moto, naye hutapika. Katika nchi yenye mbu wengi, kama kando ya Ziwa Victoria au huko Pwani, watu wa nyumbani hawangoji kuambiwa: hiyo ni malaria. Hutumwa mtoto dukani kununua vidonge vya malaria, mama huvimeza, na watu hungoja homa ishuke. Siku ya tatu homa ingali ipo. Siku ya nne maumivu ya ubavuni upande wa kuume yamekuwa makali hata hawezi kuulalia upande huo, na tumbo limeanza kukaza na kulegea, kukaza na kulegea, ingawa siku zake za kujifungua bado ni mbali.

Habari ya namna hii si ngeni kwa wakunga wa hospitali. Pengine ni malaria kweli, na malaria kwa mwenye mimba ni adui mkubwa. Lakini pengine damu ikipimwa haina hata kijidudu kimoja cha malaria, na mkojo ukipimwa huonekana umejaa vijidudu vya namna nyingine kabisa. Homa hiyo ilitoka katika figo. Hotuba hii ni juu ya homa hiyo, na njia inayoipita, na jinsi mara nyingi inavyoweza kuzuiwa mapema kwa chupa ndogo ya mkojo na vidonge vya siku saba.

Njia ya vijidudu

Figo ni mbili, zimekaa nyuma ya tumbo karibu na mbavu za chini, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kazi yake ni kuchuja damu usiku na mchana na kuondoa taka zake. Maji yaliyobeba taka hizo hushuka kwa mirija miwili myembamba hata kufika kibofuni, na kutoka kibofuni hutoka nje ya mwili. Maji hayo yashuka, hayapandi. Na maadamu yashuka kwa nguvu, huiosha njia yake yenyewe kama mto unavyosukuma takataka wakati wa mvua.

Vijidudu viletavyo maradhi haya havitoki mbali. Vilivyo vingi ni vya jamii iitwayo Escherichia coli, ambayo Theodor Escherich, daktari wa watoto, aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Hukaa katika matumbo ya kila mtu, tajiri na maskini, na vikikaa huko kwa kawaida havimdhuru mwenyewe. Ubaya huanza vinapohama na kuingia katika njia ya mkojo. Kwa mwanamume njia hiyo kutoka nje hata kibofuni ni ndefu, kama sentimita 20. Kwa mwanamke ni kama sentimita 4 tu, na mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo mwanamke apatwaye na maradhi ya mkojo hakupatwa kwa sababu ni mchafu. Ndivyo alivyoumbwa.

Mimba nayo huongeza mambo mawili. La kwanza, mwili wa mama hutoa kwa wingi homoni iitwayo projesteroni, ambayo huilegeza ile mirija iteremshayo mkojo, hata ikawa mipana na mizito kusukuma. La pili, mji wa mimba unapokua huilalia mirija hiyo na kuibana, na zaidi ule wa kuume, kwa kuwa mji wa mimba huelekea kugeukia upande huo. Basi mkojo hushuka polepole, na mwingine hutuama. Na maji yaliyotuama, kama kila mkulima ajuavyo, hayakosi kuotesha kitu. Hii ndiyo sababu homa ya figo huwapata wajawazito hasa baada ya mwezi wa tatu, na mara nyingi huanza upande wa kuume.

Vijidudu visivyouma

Watu wengi hudhani kwamba maradhi haya hujulikana kwa maumivu. Kweli zipo dalili zake: mkojo kuunguza wakati wa kutoka, haja ya mara kwa mara na kila mara matone machache, maumivu chini ya kitovu, mkojo mzito wenye harufu mbaya au wenye damu. Mama aonaye dalili hizo na aende kliniki siku ile ile. Lakini kwenda haja ndogo mara nyingi peke yake ni jambo la kawaida katika mimba, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa maana hawajui ipi ni ya mimba na ipi ni ya maradhi.

Zaidi ya hayo, katika wajawazito 100, wawili hadi 10 hivi huwa na vijidudu vingi katika mkojo wasione maumivu yo yote. Mama hula vizuri, hulima, huteka maji, hucheka na wenzake, na vijidudu viko kibofuni vikingoja. Katika miaka ya 1950 Dokta Edward Kass wa Boston, Marekani, alionyesha kwamba mkojo uliokingwa kwa usafi ukiwa na vijidudu 100,000 au zaidi katika kila mililita, hivyo si uchafu ulioanguka chupani kwa bahati, bali ni wenyeji wa kibofu. Akaonyesha pia kwamba wajawazito wenye hesabu hiyo wasipotibiwa, wengi huja kupatwa na homa ya figo. Katika uchunguzi wa miaka ile, wasiotibiwa walipatwa kama 20 hadi 35 katika kila 100. Waliotibiwa walipungua hata wachache tu.

Haifai kuficha kwamba hesabu hizo si sawa kila mahali. Mwaka 2015 waganga wa Uholanzi walitoa habari za uchunguzi wao, nao waliona kwamba wajawazito wenye vijidudu wasiotibiwa walipatwa na homa ya figo chini ya watatu katika 100. Ni habari ya kufurahisha. Lakini wale walikuwa wanawake wenye mimba zisizo na mashaka, katika nchi ambayo hospitali iko karibu. Mama aliye mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka hospitali hana sababu ya kujipima kwa kipimo chao. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2016, lilishauri kwamba mjamzito aonekanaye na vijidudu vya namna hii apewe dawa siku saba, hata kama hasikii maumivu.

Jinsi ya kukinga mkojo

Shirika hilo hilo lilishauri mwaka 2016 kwamba mjamzito aonwe na waganga mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kwisha. Akina mama wengi hungoja mpaka tumbo lionekane, wakisema ni aibu kuitangaza mimba changa, au kwamba watu wenye kijicho wasijue mapema. Kliniki haitangazi. Na mkojo uliopimwa mapema ndio wenye faida, kwa kuwa vijidudu huondolewa kabla mirija haijabanwa sana.

Kukinga mkojo kwaonekana kuwa jambo dogo, lakini kukikosewa majibu huwa ya uongo. Mama hanawa mikono na kujisafisha kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma. Mkojo wa kwanza kabisa auachie chooni, kwa maana huo waosha mlango. Wa katikati aukinge katika chupa safi aliyopewa kliniki, asiguse ndani yake wala kifuniko chake. Wa mwisho auachie chooni pia. Kisha aupeleke kwa mpimaji bila kukawia. Mkojo uliokaa juani saa nyingi, au uliobebwa kutoka nyumbani katika chupa ya soda, hauna maana tena, kwa sababu vijidudu vichache vilivyokuwamo vimezaana njiani.

Katika zahanati nyingi mkojo hupimwa kwa kijiti chenye vipande vya rangi, ambacho hugeuka rangi baada ya dakika moja au mbili. Kijiti hicho ni chema kuliko kukosa kabisa, lakini huwaacha baadhi ya wagonjwa bila kuwaona. Kipimo cha hakika ni kuotesha mkojo katika maabara, ambako vijidudu huachwa vikue siku mbili au tatu, ndipo vihesabiwe, na kujaribiwa dawa ipi yaviua. Mama aambiwaye arudi kesho kutwa kuchukua majibu asidhani kwamba anazungushwa; vijidudu havikui kwa amri ya mtu.

Na hapa wenyeji wa Pwani wana jambo lao la kuangalia, hasa Kwale na kandokando ya Mto Tana. Damu katika mkojo huko mara nyingi ni kichocho, kinachopatikana kwa kuingia katika maji ya mabwawa na mito yenye konokono. Dawa yake ni nyingine kabisa, nayo mjamzito aliyepita miezi mitatu ya kwanza aweza kupewa. Kwa hiyo mpimaji na aambiwe mama anatoka wapi na huchota maji wapi.

Dawa ifaayo na dawa isiyofaa

Dawa za kuua vijidudu hivi zipo, na kadha wa kadha zimetumiwa na wajawazito miaka mingi. Moja ni nitrofurantoini, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1950 na ambayo ingali ina nguvu mahali pengi. Humezwa pamoja na chakula ili isichafue moyo. Hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya hudhurungi, na akina mama wengine huiacha kwa hofu wakidhani ni damu. Rangi hiyo si kitu. Lakini mimba inapokaribia mwisho wake waganga huibadilisha, kwa kuwa yaweza kuvunja chembe za damu za mtoto mchanga, hasa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kitu kiitwacho G6PD katika damu yake. Upungufu huo huonekana zaidi katika nchi za malaria, basi si jambo la kupuuzwa kando ya ziwa wala Pwani. Nyingine ni sefaleksini, na fosfomaisini ambayo hunywewa mara moja tu ikiwa imechanganywa na maji. Amoksisilini, ambayo zamani ilitosha, siku hizi vijidudu vingi vimeizoea, na haifai kuitegemea peke yake bila kujua kama kijidudu kilicho mwilini humo chauawa nayo.

Ziko pia dawa ambazo mtu wa dukani huziuza kwa kila aulizaye dawa ya mkojo, naye haulizi kama mnunuzi ana mimba. Doksisaiklini na jamaa zake huingia katika mifupa na meno ya mtoto na kuyatia rangi. Siprofloksasini waganga huwaepusha nayo wajawazito maadamu ipo nyingine. Zile zenye trimethoprimu, kama Septrin, hupinga kazi ya foliki asidi mwilini, nayo foliki asidi yahitajiwa sana katika miezi mitatu ya kwanza, wakati uti wa mgongo wa mtoto unapofanyika. Mama aliyewekwa katika Septrin ya kila siku na kliniki kwa sababu ya virusi vya ukimwi asiiache kwa kusikia maneno haya. Yeye ana sababu yake, na mganga wake ndiye wa kuulizwa.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni la vidonge vinne. Mama hupewa vidonge vya siku saba, siku ya tatu mkojo hauunguzi tena, naye huvifunga vilivyobaki katika karatasi na kuviweka juu ya kabati. Au humpa dada yake mwenye kuumwa vivyo hivyo. Vijidudu dhaifu vimekufa, vyenye nguvu vimebaki, navyo huzaana. Maradhi yakirudi, dawa ile ile yaweza isiviguse, na dada naye hakupona.

Aibu na shuku

Yako mambo yanayoficha maradhi haya nyumbani ambayo hayamo katika chupa ya maabara. Mwanamwali aliyeolewa karibuni huona haya kumwambia mama mkwe kwamba akienda haja ndogo anaungua. Akisema, pengine hupewa dawa ya majani ya kunywa, au ya kujiosha nayo ndani, na wengine hutumia sabuni kali au dettol. Kujiosha ndani kwa vitu hivyo huua vijidudu vyema vinavyoilinda njia ya uzazi, na kuwafungulia mlango vile vibaya.

Na yuko mume. Mume asikiapo kwamba mkewe ana maradhi ya mkojo, mara nyingine neno la kwanza limjialo kichwani ni kisonono, na la pili ni nani aliyemletea. Ndoa zimevunjika kwa jambo hili, na wake wamenyamaza mpaka figo zikashika moto, kwa kuhofia swali hilo tu. Basi mabwana na wafahamu vizuri: vijidudu vingi vya maradhi haya vilitoka katika tumbo la mama mwenyewe. Kufanya tendo la ndoa kwaweza kuvisukuma kuelekea kibofuni, na kwa hiyo mama hushauriwa kwenda haja ndogo baadaye. Lakini kusukuma si kuambukiza, wala si ushahidi wa uzinzi. Ni kweli kwamba kisonono na klamidia zaweza pia kuunguza mkojo. Hilo hutambuliwa kwa vipimo, si kwa ugomvi, na likiwa ndilo hutibiwa wote wawili. Bwana ajuaye haya humsindikiza mkewe kliniki na kuuliza maswali yake huko huko, mbele ya mkunga.

Kuhusu mambo ya nyumbani, hayahitaji maneno mengi. Kunywa maji ya kutosha, kutouzuia mkojo kwa muda mrefu sokoni au safarini, kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Hayo husaidia, lakini hayawezi kuondoa vijidudu vilivyokwisha kuzoea kibofuni, na mama asiyatumie badala ya dawa.

Homa ikisha kuingia

Sasa na irudiwe habari ya yule mama wa miezi sita. Homa, kutetemeka kwa baridi, kutapika, na maumivu ubavuni au mgongoni chini ya mbavu: dalili hizi katika mimba ni za kwenda hospitali, si dukani. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu adhaniwaye kuwa na malaria apimwe damu kwanza kabla ya kupewa dawa. Mwenye mimba apimwe na mkojo pia siku hiyo hiyo, hata kama damu imeonekana na malaria, kwa sababu maradhi mawili yaweza kukaa katika mwili mmoja.

Homa ya figo katika mimba haitibiwi kwa vidonge nyumbani. Mama hulazwa, hutiwa maji kwa mshipa, na hupigwa sindano ya dawa kama seftriaksoni mpaka homa ishuke, nayo kwa kawaida huanza kushuka katika siku mbili au tatu. Ndipo hupewa vidonge vya kumalizia nyumbani, hata siku zote za dawa zitimie 10 au 14. Watu wa nyumbani waonapo mgonjwa ameketi na kunywa chai siku ya pili, hutaka kumtoa kwa sababu ya mashamba na watoto, au gharama. Wasifanye hivyo. Vijidudu vya figo vyaweza kuingia katika damu, na vikiingia huweza kudhuru hata mapafu, mama akakosa pumzi. Vyaweza pia kuamsha uchungu kabla ya wakati, na mtoto wa miezi sita au saba ana kazi kubwa ya kuishi, hata katika hospitali yenye mashine za kumpa joto. Mume aliyeuza mbuzi mmoja kwa ajili ya siku tano za hospitali hakupata hasara.

Akisha kupona, mama hupewa tarehe ya kurudi, kama juma moja au mawili baada ya kidonge cha mwisho, ili mkojo upimwe tena. Wengi hawarudi kwa siku hiyo, kwa kuwa hawaumwi. Lakini vijidudu hivi hupenda kurudi katika mimba ile ile, na mara ya pili huja vile vile, kimya kimya. Aliyepata homa ya figo mara moja hupimwa mkojo mara kwa mara mpaka ajifungue, na mganga huenda akampa kidonge kimoja cha kila usiku ili kuvizuia. Haya yote yaandikwe katika kijitabu chake cha mama na mtoto: maradhi yaliyoonekana, dawa aliyopewa, na siku alizoitumia. Uchungu ukimshika usiku, akapelekwa kwa mkunga asiyemjua, kijitabu hicho kitasema badala yake.